Kenya: Matamasha ya anime yapata mashabiki, wachoraji wangali wanasubiri soko

Vijana wa Nairobi wanaokusanyika kila mwaka wakiwa na mapanga ya sponji, nywele za bandia za rangi ya samawati na majoho ya mashujaa wa Kijapani huonekana, kwa mpita njia, kama watoto waliokataa kukua. Hata hivyo, nyuma ya maleba hayo yapo maswali ya kiuchumi na ya kisiasa yanayozihusu pia nchi jirani na Kenya. Ni nani anayemudu kuingia katika kumbi hizo? Ni nani anayelipwa kwa kazi ya mikono inayoonyeshwa humo? Na dola inautazama kwa jicho gani umati wa vijana waliojipanga wenyewe, bila chama, bila kanisa wala msikiti, na bila mzee wa kuwaongoza?

Kenya ni nchi ambayo, kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na wakazi milioni 47.6, na robo tatu yao walikuwa na umri wa chini ya miaka 35. Katika nchi ya namna hiyo, burudani ya vijana si jambo la pembeni.

Kutoka Tokyo hadi Westlands

Anime ni filamu za katuni za Kijapani, na manga ni vitabu vya hadithi za picha ambavyo mara nyingi ndivyo chimbuko la filamu hizo. Desturi ya mashabiki kukutana ukumbini, kubadilishana vitabu walivyochora wenyewe na kuvaa kama wahusika wanaowapenda, ilipata sura yake nchini Japani tarehe 21 Desemba 1975. Siku hiyo lilifanyika mjini Tokyo soko la kwanza la vitabu vya mashabiki, lijulikanalo kama Comiket. Vilishiriki vikundi 32 tu, na watu wapatao 700 walihudhuria. Miongo iliyofuata, soko hilo lilikua hadi kuhudhuriwa na mamia ya maelfu ya watu.

Si kwamba Japani yenyewe iliwapokea mashabiki hao kwa mikono miwili. Neno otaku, ambalo leo vijana wa Nairobi hulivaa kifuani kwa fahari, lilikuwa tusi kwa muda mrefu. Mwaka 1989, baada ya kukamatwa kwa mtu aliyewaua watoto wadogo na ambaye nyumbani kwake kulikutwa shehena ya kanda za video, vyombo vya habari vya Kijapani viliwatia wapenzi wote wa katuni katika kapu moja na mhalifu huyo. Ilipita miaka mingi kabla ya serikali ya Tokyo kutambua kwamba kile ilichokionea aibu kilikuwa hazina.

Barani Afrika, mikusanyiko ya aina hii imeota mizizi katika miji kadhaa. Algiers imekuwa na tamasha la kimataifa la vibonzo tangu mwaka 2008, Lagos tangu mwaka 2012, na Johannesburg ilipata tamasha lake kubwa la Comic Con Africa mwaka 2018. Nairobi ina NAICCON, tamasha la vibonzo ambalo limewahi kufanyika katika ukumbi wa maonyesho wa Sarit, mtaani Westlands. Ina pia Otamatsuri, tamasha linaloelekea zaidi upande wa anime na utamaduni wa Japani, ambalo jina lake limeunganisha neno otaku na matsuri, yaani sherehe.

Anayeingia katika tamasha la aina hii hukuta mambo manne makuu: jukwaa la mashindano ya maleba, meza za wachoraji wanaouza picha na vitabu, kona za michezo ya kompyuta, na mazungumzo ambamo watengenezaji wa filamu na vibonzo hueleza kazi zao. Lakini jambo la tano, lisiloandikwa katika ratiba, ndilo huwavuta wengi. Kijana aliyezoea kuchekwa nyumbani na shuleni kwa kupenda katuni hukutana na mamia ya wenzake.

Anime ilifikaje?

Katika nchi zilizotawaliwa na Wafaransa na Wabelgiji, kizazi kilicho sasa katika umri wa makamo kiliifahamu anime kwa sauti za Kifaransa. Kipindi cha Club Dorothée cha televisheni ya TF1, kilichorushwa kati ya mwaka 1987 na 1997, kilizifanya hadithi kama Dragon Ball na Saint Seiya kuwa mali ya kila nyumba nchini Ufaransa, na tafsiri hizo zikasambaa mpaka Afrika.

Kenya ilipitia njia nyingine. Kwa vijana wengi wa mijini, mlango ulikuwa maduka madogo ya filamu, ambako santuri iliyonakiliwa iliuzwa kwa bei isiyozidi nauli ya matatu. Baadaye santuri ilibadilishwa na kijiti cha kuhifadhia data, kisha intaneti. Kilichoitwa uharamia na wenye haki za filamu ndicho kilichowajenga mashabiki ambao leo kampuni hizo zinawataka kama wateja.

Wasikilizaji wa eneo hili wanaijua vyema hali hiyo. Kenya ina DJ Afro, ambaye masimulizi yake yamezipa filamu za kigeni uhai mpya katika kumbi za mitaani. Uganda ina wasimulizi wake, akiwemo VJ Jingo, na Rwanda ina filamu za agasobanuye zinazosimuliwa kwa Kinyarwanda. Katika njia hizo zote, filamu ya mbali ilifanywa ya nyumbani kwa ulimi wa msimulizi, bila mwenye filamu kuulizwa wala kulipwa.

Kampuni rasmi zilikuja nyuma. Netflix ilifungua milango yake katika sehemu kubwa ya Afrika mwezi Januari 2016. Septemba 2021 ilianzisha nchini Kenya huduma ya bure kwa watumiaji wa simu za Android, bila kuwataka kuwa na kadi ya benki. Huduma hiyo ikasitishwa mwaka 2023. Crunchyroll, mtandao mkubwa wa kuonyesha anime, ulinunuliwa na kampuni ya Sony mwaka 2021 kwa dola bilioni 1.175. Kwa familia inayohesabu shilingi za unga, ada ya kila mwezi pamoja na gharama ya data, ambayo nchini Kenya hutozwa ushuru wa bidhaa, ni mzigo. Ndiyo maana shabiki yuleyule anayenunua tiketi ya tamasha huenda bado anatazama filamu zake kwa njia isiyo rasmi.

Maleba, mlango na usalama

Westlands si mtaa wa kila mtu. Ni eneo la ofisi, mahoteli na maduka makubwa, na kijana anayetoka Kayole au Githurai hulipa nauli, kiingilio na chakula kabla hata hajanunua picha moja. Maleba nayo yana gharama. Vazi kamili kutoka ng'ambo hutozwa usafirishaji na kodi, kwa hiyo wengi hujitengenezea. Mikeka ya sponji ya mazoezi hukatwa ikawa deraya, nguo za mitumba kutoka soko la Gikomba hushonwa upya, na fundi cherehani wa mtaani huonyeshwa picha kwenye simu na kuombwa kushona joho ambalo hajapata kuliona maishani. Hapo ndipo tamasha linapomgusa mtu ambaye hajui hata neno anime: fundi hupata kazi, muuza vitambaa hupata mteja, na msusi huagizwa wigi la rangi isiyo ya kawaida.

Mavazi hayo huleta pia hatari. Mwezi Novemba 2014, wanawake wa Nairobi waliandamana barabarani baada ya wenzao kuvuliwa nguo hadharani na makundi ya wanaume waliodai kwamba walivaa visivyofaa. Maandamano hayo yalifahamika kote duniani kwa kauli ya kwamba vazi ni hiari ya mvaaji. Kwa msichana anayekusudia kuvaa kama mhusika wa katuni, kumbukumbu hiyo haijafutika. Kusafiri kwa matatu akiwa amevaa kawaida, maleba yakiwa ndani ya mkoba, na kubadilisha nguo ukumbini ni busara inayotokana na historia ya jiji.

Usalama una sura nyingine. Ukumbi wa Sarit hauko mbali na jengo la Westgate, ambako tarehe 21 Septemba 2013 wanamgambo wa Al-Shabaab walianzisha mashambulizi yaliyoua watu 67. Tangu siku hiyo, kuingia katika duka kubwa lolote jijini Nairobi kumekuwa ni kupita mbele ya walinzi na vifaa vya kukagua chuma. Katika mazingira hayo, upanga wa bandia na bunduki ya kuchezea si vitu vya kuchukuliwa kwa wepesi. Matamasha ya aina hii duniani huweka utaratibu wa kukagua silaha za maonyesho mlangoni, na Nairobi ina sababu za ziada za kuuzingatia.

Sheria za eneo hili nazo zina mitego ambayo shabiki wa Ulaya haifikirii. Nchini Kenya, raia haruhusiwi kuvaa sare zinazofanana na za vikosi vya usalama. Nchini Uganda, mwezi Septemba 2019, jeshi lilitangaza katika gazeti la serikali kwamba kofia nyekundu za bereti ni sehemu ya sare zake, hatua iliyotazamwa na wengi kuwa imewalenga wafuasi wa mwanasiasa Bobi Wine. Mhusika wa katuni anayevaa kijeshi anaweza, bila kukusudia, kumwingiza shabiki wake matatani.

Mwenye meza na mwenye haki

Mjadala mzito zaidi uko kwenye meza za wachoraji. Mchoraji kijana anaponunua nafasi ya kuuza picha, hugundua mapema kwamba wanunuzi wengi hutafuta sura wanazozijua: Naruto, Luffy, Goku. Akichora shujaa wake mwenyewe, mwenye jina la Kikamba au la Kijaluo, watu humsifu na kupita. Akichora shujaa wa Kijapani, hufungua pochi. Kwa hiyo, ili alipie meza yake, huuza kazi inayotokana na mali ya mtu mwingine.

Japani ina uzoefu wa miaka mingi katika suala hili. Wachapishaji wa Tokyo huvumilia vitabu vya mashabiki, wakijua kwamba wachoraji wao wa kesho wanazaliwa humo. Sheria ilipoimarishwa mwishoni mwa mwaka 2018 kutokana na mkataba wa kibiashara wa nchi za Pasifiki, Japani ilihakikisha kwamba kazi za aina hiyo haziwezi kufikishwa mahakamani bila mwenye haki kulalamika. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mwenye kazi mamlaka ya kudhibiti marekebisho ya kazi yake, na hakuna desturi kama hiyo ya Kijapani ya kuwalinda wachoraji wadogo. Kwa sasa kinachowalinda ni udogo wao: kampuni iliyo Tokyo haina haja ya kumfuata mtu anayeuza picha chache mtaani Westlands. Ulinzi wa namna hiyo huisha pale biashara inapokua.

Upande wa pili wa mizani, fedha ni nyingi mno. Kwa takwimu za Chama cha Katuni za Japani, soko la anime lilifikia takriban yeni trilioni 3.3 mwaka 2023, na zaidi ya nusu yake, yeni trilioni 1.7, ilitoka nje ya Japani. Mwaka 2024, serikali ya Tokyo iliweka lengo la kuyafikisha mauzo ya nje ya kazi zake za sanaa na burudani kwenye yeni trilioni 20 ifikapo mwaka 2033. Afrika, bara ambalo wakazi wake kwa wastani wana umri mdogo kuliko wa mabara mengine yote, haiwezi kuachwa nje ya hesabu hiyo. Nairobi ndiyo iliyokuwa mwenyeji wa mkutano wa TICAD wa mwaka 2016, wa kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika tangu Japani ianzishe mikutano hiyo ya maendeleo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Iwapo matamasha ya Nairobi yatabaki kuwa mahali pa kununua bidhaa za Tokyo, vijana wa Kenya watakuwa wateja wazuri, basi. Iwapo yatakuwa mahali ambapo mchapishaji, mwekezaji na mchoraji wa Afrika Mashariki wanakutana na kuwekeana mikataba, hadithi itakuwa nyingine.

Kazi za nyumbani zipo

Uwezo haukosekani. Mwaka 2010, mfululizo wa Tinga Tinga Tales ulianza kuonyeshwa na BBC kwa watoto wa Uingereza. Sehemu zake 52 zilitengenezwa Nairobi, katika studio ya Homeboyz, kwa mtindo wa uchoraji uliorithiwa kutoka kwa Mtanzania Edward Saidi Tingatinga. Mwaka huohuo Kenya ilipata Shujaaz, kitabu cha vibonzo cha bure kilichotumia Sheng kuzungumza na vijana kuhusu kazi, fedha na uongozi. Dar es Salaam, nayo, ikazindua Ubongo Kids mwaka 2014, kipindi cha katuni kinachofundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili.

Kizazi kilichofuata kimevuka mipaka zaidi. Mwezi Julai 2023, Disney ilitoa filamu fupi 10 za katuni za Kiafrika kwa jina la Kiswahili, Kizazi Moto. Miongoni mwake imo kazi ya Mkenya Ng'endo Mukii na ya Mganda Raymond Malinga. Mwezi huohuo Netflix ilionyesha Supa Team 4, kazi ya Mzambia Malenga Mulendema. Februari 2024 ikafuata Iwájú, iliyobuniwa na kampuni ya Kugali, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Hamid Ibrahim, ni mzaliwa wa Uganda.

Orodha hiyo inatia moyo, lakini ina funzo lake. Katika nyingi ya kazi hizo, fedha na uamuzi wa kuendelea au kusitisha vilitoka London, California au kwingineko ng'ambo. Studio inayoishi kwa agizo la mgeni hulala njaa agizo linapokwisha. Lugha nayo imebaki nyuma. Kiswahili kimepata heshima ya kuwa jina la mradi wa Disney, lakini shabiki wa anime wa Mombasa, Bujumbura au Goma hutazama filamu zake kwa Kiingereza au Kifaransa, au husoma tafsiri chini ya picha. Wasimulizi wa mitaani walithibitisha zamani kwamba watazamaji wa sauti ya nyumbani wapo. Kilichokosekana ni kampuni iliyo tayari kulipia tafsiri hiyo kihalali.

Bendera ya fuvu lenye kofia

Mwaka 2025 uliongeza jambo ambalo waandaaji wa matamasha hawakulipanga. Bendera ya maharamia wa One Piece, hadithi iliyoanza kuchapishwa na Eiichiro Oda mwaka 1997, ilitoka kwenye kumbi za mashabiki na kuingia barabarani. Mwezi Agosti ilipeperushwa nchini Indonesia kuelekea sikukuu ya uhuru, na baadhi ya viongozi wakaikemea. Septemba ilionekana Nepal, ambako serikali ilianguka. Kisha ikafika Madagaska, ambako vijana waliochoshwa na kukatika kwa maji na umeme waliibadilisha kidogo: fuvu likavishwa kofia ya kijadi ya kisiwa hicho. Katikati ya Oktoba, Rais Andry Rajoelina alikuwa ameondolewa na jeshi kushika madaraka.

Itakuwa makosa kudhani kwamba katuni huangusha serikali. Walichokitaka vijana wa Antananarivo ni maji na umeme. Bendera iliwapa tu alama isiyo ya chama chochote wala kabila lolote, inayotambulika na kijana wa Jakarta sawasawa na wa Antananarivo. Katika hadithi ya Oda, maharamia hao husafiri wakipambana na watawala wanaoonea wanyonge. Si ajabu kwamba maana hiyo ilieleweka bila mkalimani.

Kenya ilikuwa imekwisha kuonja nguvu ya kizazi hicho. Tarehe 25 Juni 2024, waandamanaji vijana waliopinga Muswada wa Fedha waliingia katika majengo ya Bunge, na siku iliyofuata Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini. Makumi ya watu waliuawa katika maandamano ya majuma hayo. Harakati hizo hazikuwa na kiongozi mmoja. Zilipangwa mitandaoni, kwa utani, vibonzo na lugha ya vijana wenyewe.

Kuna hatari, basi, kwamba maofisa wa usalama katika nchi za eneo hili wakaanza kuliona fuvu lenye kofia ya majani kama alama ya uasi, na tamasha la mashabiki kama mkutano wa siri. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya kukusanyika kwa amani bila silaha. Ukumbi wa vijana wenye mapanga ya sponji unastahili kinga hiyo kama unavyoistahili mkutano wa wakulima wa chai. Kuufunga hakutaondoa manung'uniko ya vijana. Kutayahamishia mahali ambapo hakuna mlango wala ratiba.

Kinachosubiriwa

Kwa nchi jirani, uzoefu wa Nairobi una faida ya kuonyesha mapema yatakayofika kwao. Mambo matatu yanaweza kufanywa bila gharama kubwa. Kwanza, matamasha kuvuka mipaka ya mitaa ya wenye nacho, kwa kutumia kumbi za kaunti, vyuo na vituo vya utamaduni, ili kiingilio na nauli visiwe ukuta. Pili, mamlaka za hakimiliki kukaa na wachoraji na kuwaeleza wanachoweza kuuza na wasichoweza, kabla barua ya wakili haijawafundisha. Tatu, vituo vya televisheni vya umma katika eneo hili kununua na kuagiza katuni za Kiswahili, kwa sababu mchoraji haishi kwa makofi ya siku mbili.

Japani ilihitaji zaidi ya miongo mitatu kutoka kuwadharau vijana wake wapenda katuni hadi kuweka kazi zao katika mpango wa taifa wa mauzo ya nje. Afrika Mashariki haina sababu ya kusubiri muda huo wote. Wachoraji wapo, mafundi cherehani wapo, na mashabiki wapo mlangoni. Wanunuzi wa kazi zao, wa kibinafsi na wa serikali, ndio wasioonekana bado kwenye foleni.